Waridi moja, majina manne: familia ya kitalu inaishije kwa kuuza kitu ambacho kila mtu anaweza kukinakili?

Kuna ubishi huwa unaibuka watu wakianza kuongelea waridi. Mmoja anasema bustanini kwake ana Peace, wa pili anamkatalia, hilo la njano lenye ukingo wa pinki linaitwa Gloria Dei, wa tatu alinunua mche umeandikwa Gioia, alafu anatokea mjuaji mmoja anasema nyie wote hamjui kitu, hilo ni Madame Antoine Meilland. Na wote wanne wako sahihi! Wala si kwamba yanafanana, ni mmea uleule mmoja uliogawanywa vipande vipande dunia nzima. Ukishamaliza hapo linakuja swali lingine zito zaidi, eti kuna familia huko Ufaransa "inamiliki" maua na ukiyazalisha inabidi uwalipe, na mtu anauliza ua linamilikiwaje wakati anayeotesha ni Mungu.

Mi naona njia rahisi ya kuelewa yote haya ni kuifuata hiyo familia yenyewe, kina Meilland, tangu enzi za mababu zao kule Lyon. Historia ya kitalu chao ukiiangalia vizuri ni historia ya tatizo moja tu.

Tatizo lenyewe liko hivi. Jirani akija kukuomba kaa la moto ili akawashe jiko lake, unampa, na moto wako haupungui hata kidogo. Na yeye kesho atampa jirani yake, na yule mwingine, mpaka mtaa mzima unapikia moto uliotoka kwako. Sasa fikiria wewe riziki yako ni kuuza kaa la moto. Utamuuzia wa kwanza, basi, biashara imeisha. Waridi ndo liko hivyohivyo.

Kabla hatujaenda mbali tuwekane sawa kwenye maneno. Kitalu ni mahali pa kukuzia miche, hilo kila mtu anajua, ila kwenye waridi kuna kazi mbili tofauti ambazo watu huzichanganya. Kuna mtu anayezidisha miche, anachukua aina iliyopo tayari anaifanya iwe mingi anauza. Alafu kuna mgunduzi wa aina mpya, huyu kazi yake ni kuleta waridi ambalo jana halikuwepo duniani. Familia nyingi zilianza kwa kazi zote mbili kwa pamoja, na hiyo ya pili ndo inayokula miaka.

Aina mpya inapatikana kwa mbegu. Mgunduzi anachagua waridi mama na waridi baba, anachukua lile ua la mama kabla halijafunguka vizuri, anang'oa petali na vile vinyuzi vya kiume vyote ili lisijichavushe lenyewe, alafu anapaka chavua ya baba kwa kiburashi au hata kwa kidole, analifunika, anaandika kwenye kilebo nani kaolewa na nani. Baadae linatokea tunda dogo lenye mbegu. Zile mbegu kila moja ni mtoto tofauti, kama watoto wa baba mmoja mama mmoja walivyo, huyu mrefu yule mfupi, huyu kachukua sura ya bibi yule hajulikani katoa wapi. Kwa hiyo yule anayesema atapanda mbegu za Peace apate Peace, hapana ndugu yangu, utapata watoto wa Peace, na wengi watakuwa wa kawaida tu au wabaya kabisa. Mgunduzi anaotesha maelfu, anatupa karibu wote, anabaki na wachache anawaangalia miaka na miaka, wakiugua anawatupa, mpaka abaki na mmoja wa kuingiza sokoni. Kutoka kuchavusha hadi kuuza ni kitu kama miaka saba mpaka kumi.

Kuzidisha huyo mmoja aliyepatikana, sasa, ni kazi nyingine kabisa na ni rahisi mno. Kwenye tawi la waridi, pale jani linapoungana na tawi, kuna kijicho. Unakibandua na kisu pamoja na kiganda chake, unapasua ganda la shina la waridi pori lenye mizizi yenye nguvu, unakichomeka humo, unafunga. Wanaobebesha maembe na machungwa wanalijua hili. Kijicho kinashika, kinaota, unakata sehemu ya juu ya lile pori, na kinachobaki ni mizizi ya pori na kichwa cha waridi lako, nakala kamili bila tofauti. Tawi moja lina macho kadhaa na kila jicho ni mche. Ndo maana mwenye kisu na tawi la urefu wa penseli anaweza kuanzisha shamba, na kazi ya miaka kumi ya mtu mwingine inaingia mfukoni mwa koti bila hata kuonekana.

Sasa Lyon. Karne ya 19 mji huu ulikuwa kama makao makuu ya waridi, na vitalu vyake vilikuwa vya familia. Guillot alitoa La France mwaka 1867, ambayo watu wengi wanaihesabu kuwa ndo waridi la kwanza la kisasa. Alikuwepo na Joseph Pernet-Ducher, huyu jina lake la pili alilipata kwa kuoa kwenye kitalu cha kina Ducher, akaunganisha jina la mke na lake. Mwaka 1900 akatoa Soleil d'Or, na hapo ndo njano kali iliingia kwenye waridi za bustani za kisasa, kabla yake njano zilikuwa za kufifia fifia. Aliitoa kwenye waridi la njano la Uajemi, na pamoja na rangi ikaja zawadi isiyotakiwa, ule ugonjwa wa madoa meusi kwenye majani unaotesa waridi nyingi za njano hadi leo. Pernet alikuwa na watoto wawili wa kiume wa kumrithi, Claudius na Georges. Wote wawili walikufa vitani kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Aliyapa majina yao mawaridi mawili, 1920 na 1921, na kitalu kikaenda kwa Jean Gaujard, mtu wa nje ya familia.

Nimelileta hili makusudi sababu watu wakisikia "biashara ya familia" wanawaza baba anamwachia mwanae wa kiume basi. Kina Meilland sivyo walivyofika. Alianza Joseph Rambaux wa Lyon, aliyetengeneza kawaridi kadogo kazuri sana kanaitwa Perle d'Or, na aliyekaingiza sokoni mwaka 1884 ni mkwe wake, Francis Dubreuil. Huyu Dubreuil alikuwa fundi cherehani! Akaacha sindano akashika kisu cha kubebeshea. Alafu akaja kijana wa kazi pale kitaluni, Antoine Meilland, aliyezaliwa 1884, akafundishwa kazi, akamwoa Claudia, binti wa bosi. Kwa hiyo mara mbili mfululizo kitalu kimepita kwa mabinti, ila jina la juu ya geti ndo likawa la wakwe. Mtoto wa Antoine na Claudia, Francis, alizaliwa 1912, na yeye akaja kuoa kwa Paolino, Mtaliano aliyekuwa naye anazalisha aina mpya za waridi kule Antibes pwani ya kusini. Yani ukitaka kujua ujuzi ulipitia wapi, usifuate majina ya ukoo, fuata harusi.

Francis ndo aliyebadilisha kila kitu. Mwaka 1935, akiwa kijana wa miaka 23, alikwenda Marekani kutembelea wenzake wa kazi, akaona mambo matatu yaliyomkaa kichwani. La kwanza ni katalogi za rangi, mteja anaona ua kabla ya kununua. La pili ni maghala ya baridi, unang'oa miche wakati wake unaihifadhi imelala, unaiuza muda unaokufaa wewe. La tatu ndo kubwa kuliko yote: tangu 1930 Marekani walikuwa na sheria ya hataza ya mimea. Hataza ni ile haki anayopewa mvumbuzi, kwamba kwa miaka kadhaa hakuna mwingine wa kutengeneza kitu chake bila ruhusa. Mwaka 1931 hataza ya kwanza kabisa ya mmea ilitolewa, na mmea wenyewe ulikuwa waridi la kutambaa, New Dawn. Kwao Ufaransa haki ya namna hiyo haikuwepo. Ukitoa waridi jipya, mwaka wa kwanza unauza kwa bei nzuri, mwaka wa pili wenzio wote wanalo na wanaliuza kwa bei ya kutupa.

Mwaka huohuo wa 1935 kitaluni kwao kulifanyika uchavushaji mmoja ambao mche wake uliandikwa 3-35-40. Soma hivi: uchavushaji wa 3, mwaka 1935, mche wa 40. Ndo jina lake la kwanza hilo, na mi nalipenda kuliko mengine yote manne, halina mbwembwe. Lilikua likawa na majani mazito ya kung'aa na maua makubwa ya njano, ukingoni yanageuka pinki, na mwaka 1939 wenzao wa kazi waliokuja kutembelea wakaliona na kulitaka.

Hapa ndo stori maarufu inapoanza na hapa ndo panapotiwa chumvi. Utasikia kwamba Wajerumani walikuwa mlangoni na waridi likapanda ndege ya mwisho kutoka Ufaransa. Ukweli ni wa kawaida zaidi na kwangu mimi ni mtamu zaidi. Vitalu vya waridi vilikuwa vinatumiana vijiti vya kubebeshea kila mwaka, ni biashara, ndo njia ya kujaribu aina mpya kwenye hali ya hewa tofauti. Kwa hiyo vijiti vya 3-35-40 vilikwenda Italia, vilikwenda Ujerumani kwenyewe, na vilikwenda Marekani kwa Robert Pyle wa kampuni ya Conard-Pyle, Pennsylvania, mtu waliyekuwa wanafanya naye kazi. Hicho cha Marekani familia wanasimulia kwamba kilibebwa kwenye mizigo ya konseli, yani balozi mdogo, wa Marekani aliyekuwa Lyon. Alafu vita ikafunga mawasiliano, na kila aliyepata kijiti akawa peke yake na ua lisilo na jina.

Umeanza kuona majina manne yalikotoka? Kina Meilland wenyewe waliliita Madame Antoine Meilland, kwa heshima ya Claudia, mama yake Francis, ambaye alishafariki. Waitaliano wakaliita Gioia, maana yake furaha. Wajerumani wakaliita Gloria Dei, utukufu wa Mungu. Hakuna aliyekuwa anamwibia mwenzake jina, walikuwa hawana namna ya kuulizana. Na Marekani walipolizindua rasmi tarehe 29 Aprili 1945, Pasadena, wakaliita Peace, amani. Watu wanapenda kusema ndo siku Berlin ilipoanguka, inapendeza kusimulia ila sivyo, kikosi cha Berlin kilisalimu amri tarehe 2 Mei. Kilicho cha kweli ni kwamba wakati huohuo wajumbe wa mataifa walikuwa wamekaa San Francisco kuunda Umoja wa Mataifa, na wakuu wa misafara waliwekewa kila mmoja ua la Peace na kikaratasi cha kutakia dunia amani. Kama ni matangazo ya biashara, mi sijaona ya kuyazidi.

Sasa rudi kwenye kaa letu la moto. Kile kile kinachofanya waridi liwe rahisi kuibiwa ndicho kilicholiokoa. Kama mali ya familia ingekuwa mashamba au majumba, vita ingeweza kuifuta yote. Lakini mali ilikuwa kijiti, nakala ziko nchi tatu nne, moto hata ukizimwa kwako unaenda kuuchukua kwa jirani. Na Marekani, ambako sheria ilikuwepo, waridi lilikuwa na hataza, kwa hiyo kila mche uliouzwa kule ulikuwa na fungu la mwenyewe. Vita ilipoisha kina Meilland wakakuta kuna hela inawasubiri upande wa pili wa bahari, kwenye ua ambalo kwao nyumbani lisingewalipa hivyo.

Hizo hela zinaitwa mrabaha. Mrabaha ni malipo kidogo kwa kila nakala, kama mwanamuziki anavyotakiwa kulipwa wimbo wake ukipigwa redioni. Haulipwi na wewe mwenye bustani moja kwa moja, unalipwa na kitalu kilichozidisha mche, na upo ndani ya bei uliyolipa dukani. Watu wengi hapa ndo wanapochanganyikiwa, wanadhani ukipanda waridi lenye haki miliki basi kila ua litakalochanua unadaiwa. Hapana. Mche ukishaununua ni wako, chuma maua, mpe mchumba, pamba nyumba. Kinachokatazwa hasa ni kuuzidisha kibiashara bila ruhusa wakati haki bado iko hai.

Francis baada ya vita akafanya uamuzi ambao wenye vitalu wengi wa wakati ule wangeuona wazimu. Kazi ya kuzidisha na kuuza miche akaiunganisha na ya mtu mwingine, Richardier, yeye na familia wakahamia Antibes wakabaki na kuvumbua tu. Maana yake ni kwamba aliamua kuishi kwa mrabaha katika bara ambalo sheria ya mrabaha ilikuwa bado haijakaa sawa. Akaanza kuisukuma sheria hiyo, ofisi kwa ofisi, kesi kwa kesi. Mwaka 1954 ikatoka Baccara, nyekundu, ya kukuzwa kwenye vibanda vya vioo kwa ajili ya maua ya kukata, na hiyo ikafungua soko lingine kabisa, la wakulima wanaonunua miche kwa maelfu badala ya mwenye bustani anayenunua mitatu. Na hapa nigusie kidogo: lile ua la dukani kwenye karatasi ya plastiki halijalimwa na familia yenye jina lake. Familia ilivumbua aina, mkulima mwingine kabisa kalilima kwa laisensi, wa tatu kaliuza.

Francis hakuyaona matunda yote. Alifariki mwaka 1958 kwa saratani, ana miaka 46. Mwanae Alain alikuwa ndo kwanza kijana. Mkewe, Louisette, akaendelea kuchavusha na kuchagua, na tena hapa jina la ukoo linaficha aliyekuwa anashika kazi, sababu Bonica, yale ya pinki yanayochanua mashada kwa mashada na hayahitaji kubembelezwa, ni kazi ya mikono yake, na mwaka 1987 ikawa waridi la kwanza la aina ya kichaka kupata tuzo ya waridi ya Marekani, All-America Rose Selections. Antoine mzee naye alikuwa bado yupo, kamzika mwanae, yuko na mjukuu. Mwaka 1963 Alain akatoa waridi jekundu lililoiva karibu na weusi, lina harufu nzito, akaliita Papa Meilland, jina la babu yake. Mzee alikaa nalo miaka nane, akafariki 1971.

Sheria yenyewe ilikuja 1961, Paris, nchi kadhaa zilipokubaliana mkataba ulioanzisha UPOV, chombo cha kulinda aina mpya za mimea. Kwa lugha nyepesi mkataba unasema ukileta aina ambayo ni mpya, inayotofautika na nyingine, mimea yake yote inafanana na haibadiliki ukiizidisha, basi unapewa haki kwa muda maalum, siku hizi ni miaka 20 au 25 hivi kutegemea nchi na aina ya mmea. Kwa hiyo jibu la yule anayeuliza kuhusu Mungu ni kwamba hakuna aliyepewa umiliki wa waridi kama waridi. Waridi pori ni la wote, mawaridi ya bibi yako ni ya wote. Kilichopewa ulinzi ni ile aina moja iliyotoka kwenye mbegu moja ya mtu, na kwa miaka inayohesabika.

Alafu kwenye majina pia mambo yaliwekwa sawa, ili ule mkanganyiko wa majina manne usirudi. Siku hizi waridi la kitalu kikubwa lina jina la kuuzia, ambalo linaweza kubadilika kila nchi, na lina jina la usajili ambalo halibadiliki, na kwa kawaida linaanza na herufi tatu za mgunduzi. MEI ni Meilland, KOR ni kina Kordes wa Ujerumani, AUS ni David Austin wa Uingereza. Chukua lile la kupanda ukutani, jeupe lenye pinki katikati, Wafaransa wanaliita Pierre de Ronsard, wengine wanaliita Eden, watu wananunua yote mawili wakidhani wanakusanya aina mbili. Geuza lebo, yote yameandikwa MEIviolin. Umenunua ua moja mara mbili, pole.

Ukiwa na mashaka siku nyingine usiulize rangi wala jina zuri la mbele, angalia yale maandishi madogo. Lebo isiyo na jina la usajili mara nyingi ina maana mbili, ama ni aina ya zamani ambayo haina mwenyewe tena, ama kuna mtu kapita na kisu.

Peace liko kwenye kundi la kwanza. Hataza yake ya Marekani iliisha zamani sana, na lilipochaguliwa mwaka 1976 kuwa waridi la kwanza kabisa kuingia kwenye orodha ya heshima ya shirikisho la dunia la vyama vya waridi, halikuwa linamwingizia mtu mrabaha tena. Ukikata kijiti chake ukampa jirani akabebeshe, hudaiwi na yeyote, awe kina Meilland au mtu mwingine.